Kwa nini mpenda bia hapiki bia

Wageni wanaoonja bia niliyoipika nyumbani huishia kwenye swali moja: kwa nini ujisumbue? Grosari iko hapo chini, friji yake imejaa, na ukiona uvivu kutembea, bodaboda atakuletea mpaka mlangoni. Wanaouliza hivyo hawaichukii bia hata kidogo. Ni watu wanaoweza kukaa jioni nzima wakibishana kuhusu Safari na Kilimanjaro, ipi imebadilika ladha tangu walipoanza kunywa, na kama ya chupa kweli ni tamu kuliko ya kopo. Wanaipenda kwa dhati. Lakini ukiwaambia waje Jumamosi tuwashe jiko tupike pamoja, kila mmoja ana shughuli Jumamosi hiyo.

Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu kwa sababu ninaipenda kazi hii na ningetamani kuwa na wenzangu wengi zaidi. Majibu ya haraka ni gharama, muda na uvivu. Yana ukweli wake, ila hayanitoshi. Watu haohao hutumia Jumamosi nzima kuchoma mbuzi, na hakuna anayelalamika kuwa mbuzi wa kuchoma anapatikana barabarani. Naona sababu kubwa imo ndani ya bia yenyewe tunayoipenda. Sisi tukisema bia tunamaanisha laga: rangi ya dhahabu, angavu, nyepesi, baridi sana. Na katika bia zote duniani hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuipika nyumbani, hasa nyumba ya Dar es Salaam. Mtu anaingia jikoni akiitaka Kilimanjaro yake, na jiko halimpi. Anayeendelea kupika ni yule aliyekubali kupenda bia nyingine.

Nieleze kwa nini jiko halimpi. Bia ni maji, kimea, kitu cha kutia uchungu, na hamira. Kimea ni nafaka iliyoloweshwa, ikaachwa ichipue, ikakaushwa na kusagwa. Ukiiweka kwenye maji ya nyuzi 65 hivi kwa saa moja, wanga wake hugeuka sukari. Unachuja, unachemsha ile juisi pamoja na hopsi, maua machungu yanayoipa bia uchungu wake, kwa saa nyingine, unaipooza, unatia hamira, na hamira inakula sukari na kukupa kilevi na gesi. Mpaka hapo hakuna maajabu, anayeweza kupika pilau anaweza kufika. Shida ni hamira. Hamira ya laga hufanya kazi yake vizuri kwenye baridi ya nyuzi 8 hadi 13, kisha bia inatakiwa ilale wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri ili itulie na kung'aa. Dar mwezi wa pili, ndoo ukiiweka sebuleni inakaa kwenye nyuzi 30, na kwa kuwa uchachukaji wenyewe huzalisha joto, ndani ya ndoo ni moto kuliko chumbani. Hamira ikipata joto hivyo hutoa harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na pombe nzito zinazounguza koo na kumwachia mnywaji kichwa cha asubuhi asichokistahili.

Na laga haina pa kujificha. Stauti nyeusi inaweza kubeba kasoro mbili tatu na mnywaji asizitambue, kwa sababu kimea kilichokaangwa kina sauti kubwa. Laga ya rangi ya dhahabu ni nyepesi mno, kwa hiyo kosa dogo la usafi au la joto linasikika kwenye pua kabla glasi haijafika mdomoni. Kiwandani wana matangi yenye mitambo ya baridi, wana vichujio, wana maabara. Wapo wapikaji wa nyumbani wanaofanikiwa kutengeneza laga nzuri, lakini wanafanikiwa kwa kutenga friji zima kwa ajili ya ndoo moja na kuliwekea kifaa cha kudhibiti joto. Ongeza umeme unaokatika katikati ya wiki ya tatu, na utaelewa kwa nini mtu aliyejaribu mara moja akapata kitu cha rangi ya chungwa chenye ukungu na harufu ya ndizi alirudi grosari, akaridhika.

Ukitaka kuona jinsi bia ya dukani inavyoamua nani apike, tazama Marekani. Marufuku ya pombe ilipoondolewa huko mwaka 1933, kutengeneza divai nyumbani kuliruhusiwa lakini bia ikaachwa nje ya sheria. Ilikaa hivyo mpaka Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria iliyowaruhusu watu kupika bia ya matumizi yao bila kodi: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima anayeishi peke yake, galoni 200 kwa kaya yenye watu wazima wawili au zaidi. Galoni 100 ni kama lita 380. Majimbo yalifuata kila moja kwa wakati wake, na ya mwisho, Alabama na Mississippi, yaliruhusu mwaka 2013.

Wakati Carter anasaini, nchi ile kubwa ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100, na karibu vyote vilitengeneza laga nyepesi zinazofanana. Waliokuwa wamesafiri, wakanywa bia nyeusi ya Ireland au bia ya ngano ya Ujerumani, walirudi nyumbani wakakuta hakuna. Njia pekee ya kuipata ilikuwa kuipika. Huko Boulder, Colorado, mwalimu aitwaye Charlie Papazian alikuwa akifundisha watu kupika, na mwaka huohuo wa 1978 akashiriki kuanzisha chama cha wapikaji wa nyumbani wa Marekani. Huko Chico, California, kijana Ken Grossman aliyekuwa na duka la vifaa vya kupikia bia alianzisha kiwanda cha Sierra Nevada, na bia yake yenye uchungu wa hopsi ikawa mwalimu wa ladha kwa kizazi kizima.

Wale walisukumwa na njaa. Walikitaka kitu ambacho pesa yao haikuweza kukinunua. Na njaa ile iliposhibishwa, kazi ikapungua: leo Marekani ina viwanda vya bia zaidi ya 9,000, bia za kila aina zimejaa madukani, na maduka mengi ya vifaa vya wapikaji wa nyumbani yamefunga milango. Bado wapo wanaopika, ila sasa ni wale wanaoipenda kazi yenyewe.

Uingereza ilikuwa kisa kingine. Mpaka 1963 mtu alihitaji leseni kupika bia nyumbani, na Waziri wa Fedha Reginald Maudling ndiye aliyeiondoa. Huko wengi walipika kwa sababu ya bei: bia ya baa ilibeba kodi nzito, na kopo la shira ya kimea likawa njia ya kupata painti nyingi kwa pesa kidogo. Bia ile haikusifiwa sana na walioinywa, lakini iliinywesha mitaa mingi.

Sasa tujipime sisi. Njaa ya ladha hatuna: bia tunayoitaka iko kila kona, tena inatengenezwa vizuri. Nafuu ya bei nayo hatuipati. Kupika lita 20 za bia ya kawaida kunahitaji kilo nne hadi tano za kimea cha shayiri, gramu 30 hadi 60 za hopsi, na pakiti ya hamira ya bia. Shayiri inalimwa kwetu, Kilimanjaro Magharibi na Karatu na kwingineko, lakini mavuno yake yanaelekea kwenye viwanda vikubwa vya bia. Huwezi kwenda Kariakoo ukapimiwa kilo tano. Hopsi ndiyo kabisa: ni mmea unaotaka siku ndefu za kiangazi cha kaskazini au kusini ya mbali, na hapa karibu na ikweta mchana haurefuki wa kutosha. Kwa hiyo unaagiza kwa mtu anayesafiri, au unalipia mzigo wa ndege. Ukipiga hesabu ya chupa moja baada ya hapo, ya grosari ni rahisi zaidi. Anayeingia kwenye kazi hii kwa kubana matumizi atatoka mapema, na namshauri asiingie.

Muda nao si wa kudharau. Siku ya kupika inakula saa tano au sita, na zaidi ya nusu ya saa hizo ni kuosha. Ndoo, mipira, chupa, vizibo, mikono. Kila kitu kinachogusa bia baada ya kuchemshwa lazima kiwe safi kuliko sahani ya mgonjwa. Watu wengi wanaivumilia kazi ya moto na nafaka, lakini chupa arobaini zenye mabaki makavu chini huwashinda. Wanaobaki, kwa jinsi ninavyowaona, ni wale wasiochukia kuosha vyombo. Na kama maji kwenu ni ya mgao, ile hatua ya kupooza juisi kwa maji ya bomba yanayotiririka nusu saa haikubaliki hata kidogo. Wapikaji wa Australia walionyesha njia ambayo mimi naitumia: unamimina juisi ikiwa bado ya moto kwenye dumu imara linalohimili joto, unalifunga, unaliacha lipoe lenyewe mpaka kesho yake. Joto la juisi ndilo linalolisafisha dumu.

Kuna sababu nyingine ambayo wageni wangu hawaisemi mezani, wanainong'ona wakiwa wameshatoka: woga. Ukitamka pombe ya kutengeneza nyumbani, mtu wa Afrika Mashariki haoni glasi yenye povu. Anaona habari za watu waliopofuka na waliokufa. Novemba 2000, katika mitaa ya wanyonge ya Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100. Siwezi kumcheka mtu anayeikumbuka hiyo akasita mbele ya chupa yangu isiyo na lebo. Ana haki ya kuuliza.

Jibu lake linastahili kutolewa kwa ukamilifu. Kinachoua katika visa vya namna ile ni methanoli, na methanoli hiyo huingia kwa mkono wa mtu: mwuzaji anaongeza kemikali ya viwandani kwenye pombe kali ili iwe kali zaidi kwa bei ndogo. Hamira ikila sukari ya nafaka haizalishi methanoli ya kumdhuru mtu, na bia haichemshwi kukusanya mvuke kama gongo. Kuchachusha na kukeneka ni kazi mbili tofauti, hata sheria zetu zinazitenganisha. Mimi sikeneki, na simshauri mtu yeyote akeneke.

Lakini kusema kwamba uchachushaji hauna hatari yoyote si kweli, na mpikaji anayesema hivyo hafai kuaminiwa. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji iliyotolewa kwa watu waliotoka msibani. Kwanza ikavuma kwamba kuna aliyetia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ukaonyesha kuwa unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika, na bakteria waliomea ndani yake walitengeneza sumu kali ambayo moto hauiondoi. Tangu nilipokisoma kisa kile, nafaka iliyolowa mvua ghalani, iliyobadilika rangi au inayonuka uvundo haiingii nyumbani kwangu, hata ikitolewa bure.

Woga una ndugu yake, nao ni aibu. Chupa ya bia kwetu ilianza kuwa heshima kabla haijawa kinywaji. Kenya Breweries ilianzishwa Nairobi mwaka 1922 na ndugu wawili wa Kiingereza, George na Charles Hurst, na wateja wake walikuwa Wazungu. Enzi za ukoloni Mwafrika alizuiwa kununua bia ya chupa. Aliruhusiwa kilabu cha pombe ya kienyeji chini ya uangalizi wa serikali. Mzuio ulipoondolewa, kushika chupa mkononi mbele za watu kulikuwa tangazo kwamba na mimi ni mtu kamili. Wazee wetu walilipia ile chupa kwa fedheha ya miaka mingi. Siwalaumu kwa kuipenda, na ninaelewa kwa nini mtoto wao akiona ndoo na sufuria kubwa anahisi anarudishwa nyuma.

Kwenye nyumba za kupanga jambo hili lina uzito zaidi. Uani ni wa wote. Ukichemsha kimea, harufu tamu inaingia kila chumba, na jirani ambaye dini yake inakataza ulevi anavumilia harufu asiyoiomba. Mwingine anahisi unapika gongo, na habari zinamfikia mjumbe kabla juisi haijapoa. Nimeona ni busara kuwaeleza majirani mapema, kuwaonyesha vyombo, na kuchagua siku ambayo haimkwazi mtu. Kama mwenye nyumba amekataa, imekatalika. Na kama nyumbani kuna mtu anayepambana na pombe, usipike kabisa. Chupa arobaini chini ya kitanda ni mzigo usiomstahili mtu wa namna hiyo, na hiyo ndiyo sababu ya kutopika ninayoiheshimu kuliko zote.

Sasa nimfikie mama mkubwa.

Mama mkubwa anaishi Kibosho, kwenye kihamba, shamba la migomba la familia, na amepika mbege, bia yetu ya ndizi na ulezi, tangu akiwa binti. Kwake swali la kwa nini ujisumbue halina maana. Amesomesha kwa mbege. Amefanya posa za wanawe kwa mbege, amewazika wazee kwa mbege, na Desemba inapofika, ukoo unaporudi kutoka mijini, ngoma nzima ya sikukuu inaanzia kwenye pipa lake. Yeye mwenyewe huonja ili kujua imefika wapi, kisha anaendelea na chai yake. Nilipokuwa mdogo hilo halikunishangaza. Baada ya kusikia watu wazima wakiniambia kwamba hawawezi kupika bia kwa sababu hawaipendi kiasi hicho, nalitazama kwa jicho jingine: mpikaji bora ninayemjua hanywi.

Kazi yake ni ya siku nyingi. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa kwa saa kadhaa mpaka ziwe nyekundu iliyokolea, kisha huachwa zichachuke siku chache na kuchujwa. Huku nyuma ulezi umeloweshwa, umefunikwa kwa majani ya mgomba ukachipua, umeanikwa juani na kusagwa. Unga wake hupikwa uji, uji unapoa, unachanganywa na maji ya ndizi, na gome la mti uitwao msesewe huingia kwa ajili ya uchungu. Kesho yake inanyweka. Hana kipimajoto, anatia kidole kwenye uji, anasubiri, anatia tena, na akisema sasa, ni sasa. Nilipokwenda na kipimajoto changu nikapima kila alipoitikia, tofauti ilikuwa ndogo sana kati ya pishi moja na jingine.

Siku niliyomwelezea ninachofanya Dar, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mwanangu, hiyo unampikia nani?" Sikuwa na jibu zuri, na nimelitafuta tangu siku ile. Mbege haitunziki. Siku ya kwanza ni tamu, ya pili imekaa sawa, baada ya hapo inaelekea kwenye uchachu na wanywaji wanaanza kupungua. Kwa hiyo hakuna mtu anayepika mbege bila kwanza kujua nani anakuja. Watu hutangulia, pombe inafuata. Busaa ya magharibi ya Kenya iko hivyo, rubisi ya Kagera na urwagwa wa Rwanda na Burundi ziko hivyo, ambako ndizi zilizovundikwa hukamuliwa, zikachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kunywewa ndani ya siku chache. Pombe zetu zote hizi zina karamu ndani yake tangu hatua ya kulowesha nafaka.

Chupa ya laga imelitenganisha hilo. Inakaa miezi, inasafiri, inamsubiri mtu mmoja aliyechoka arudi kazini. Sioni ubaya katika utulivu huo, mimi pia nimechoka jioni nyingi. Lakini mpenda bia aliyelelewa na chupa haoni haja ya kupika kwa sababu kwake bia haihitaji watu. Ndoo ya lita 20 inamtisha: nitaimaliza lini? Kwa mama mkubwa lita 20 ni kidogo mno, haziwezi hata kufungua kikao.

Nilipoanza kupanga mapishi yangu kwa kalenda ya watu, kazi ikabadilika. Siku hizi nikijua kuna kipaimara cha mtoto wa rafiki au ndugu anahamia nyumba yake, ndipo naweka ulezi kwenye maji. Na nikaacha kuifukuza laga. Naipika bia ambayo nyumba yangu inaiweza.

Hamira ilikuwa kikwazo kikubwa, na suluhisho lilitoka mahali nisipopatarajia: mashamba ya magharibi mwa Norway. Kule wakulima walipika bia nyumbani kwa vizazi, na katika maeneo kama Voss walihifadhi hamira zao za ukoo ziitwazo kveiki, wakizikausha kwenye vipande vya mbao au kitambaa na kugawana na majirani. Hamira hizi hufanya kazi kwenye nyuzi 30 mpaka 40 bila kuharibu ladha, na zinamaliza kazi ndani ya siku chache. Ndugu yangu anayesoma huko aliniletea pakiti moja. Joto la Dar ambalo lilikuwa adui likawa ndilo hasa linalotakiwa. Zaidi ya hapo, ukimaliza kupika unachota tope la hamira chini ya ndoo, unalitandaza jembamba kwenye karatasi safi likauke, unaliweka kwenye friji, na una hamira ya pishi lijalo. Kikwazo cha kuagiza hamira kimekwisha kwa pakiti ile moja.

Kimea cha shayiri nikikipata nakitumia kwa uangalifu, na sehemu inayobaki ni ulezi ninaouchipusha mwenyewe. Hapa nimejifunza kwa kumtazama mama mkubwa, kisha kwa kusoma. Wanga wa ulezi unataka moto mkali kuliko wa shayiri ndipo ulainike, kwa hiyo sehemu moja naipika uji mzito kabisa. Uji ukipoa mpaka nyuzi 65 naongeza unga wa kimea ambao haujapikwa, wenye vimeng'enya vilivyo hai, vile vinavyougeuza wanga kuwa sukari. Ndani ya saa moja mwiko uliokuwa ukisimama wenyewe unaanza kuogelea, na uji uliokuwa hauna ladha unakuwa mtamu. Akina mama wanaowapikia watoto uji wa kimea wanaujua mgeuko huu vizuri. Unga kidogo wa kimea huulegeza uji mzito mtoto akaweza kuumeza. Nikiwaonyesha wageni hatua hii, wale waliokuja kwa kuombwa sana huwa wanakaa. Nimewaona watu wasiojali bia kabisa wakirudi kwa ajili ya hatua hii tu.

Na hao ndio wanaoishia kupika. Kwa uzoefu wangu, mpishi wa nyumbani hatoki kwenye meza ya wanywaji wakubwa. Anatoka kwa watu wanaooka mikate, wanaofuga nyuki, wanaotengeneza mtindi, mafundi wanaofungua redio kuona ndani. Mnywaji mkubwa anataka bia leo, na bia ya nyumbani ni ya wiki ijayo. Ndiyo maana nimeacha kumsihi kila mpenda bia apike. Nakwenda kwa yule anayeuliza kwa nini uji umelegea.

Kwake huyo nina ushauri wa kuanzia. Usianze na lita 20, anza na tano kwenye sufuria uliyo nayo. Nunua kipimajoto kabla ya kununua kitu kingine chochote. Usifunge chupa mpaka uchachukaji umekwisha, maana sukari iliyobaki huendelea kuzalisha gesi na chupa hupasuka. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki, siku mbili mfululizo, na namba isipobadilika ndipo ufunge, ukitia gramu sita au saba za sukari kwa kila lita. Tumia chupa nzito za bia, si za maji. Na usiuze bila leseni hata rafiki akikusukumia pesa, mambo ya kuuza yana sheria zake na kodi zake.

Uchungu ndio jambo ambalo bado sijalimaliza. Hopsi ninazopata ni chache na zimezeeka safarini, na nadhani jibu liko kwenye msesewe. Gome lake lina uchungu safi, unaokaa nyuma ya ulimi, lakini lina dawa kali ndani yake na si la kumwaga kwa kukadiria. Wapikaji wa Kibosho wanajua kiasi cha pipa la mbege, ambayo ni nzito na ina utamu wa ndizi wa kuubeba uchungu huo. Kwa bia nyepesi ya ulezi na shayiri kiasi lazima kiwe kidogo zaidi, na kwa sasa nalichemsha dakika chache tu kisha nalitoa, nikibaki chini kabisa ya kiasi wanachotumia wao. Mama mkubwa ameahidi kuonja pishi la Desemba, na kama kuna msomaji wa Marangu, Machame au Rombo ambaye kwao gome huingizwa kwa namna nyingine, au huchanganywa na kitu kingine, ningeomba aniandikie kabla sijawasha moto.